Kipya Kinyemi: Foki ya Shoki na Foki ya Mamba

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kipya kinyemi ingawa ni kidonda. Kidonda changu mimi kiko hapa kidevuni, na tangu nikipate sijapumzika. Wako wanaosema nilipigwa teke na ngamia. Wako wanaosema nilipigana sokoni. Mwalimu mmoja, simtaji, aliniuliza mbele ya darasa zima kama nimeanza kunyoa ndevu kwa panga. Basi kwa ruhusa ya mhariri wetu wa Chama cha Kiswahili nimeona heri nilieleze jambo hili mara moja kwa maandishi, ili anayetaka kucheka acheke akiwa na habari kamili. Niliangushwa na baiskeli. Tena si baiskeli yote, ni foki yake ya mbele.

Mpenzi msomaji, ili unielewe lazima kwanza ujue habari ya maziwa. Karo yangu hutoka kwa ngamia wa watu wengine. Hooyo, yaani mama yangu, huuza maziwa sokoni hapa Garissa, lakini yeye hana ngamia hata mmoja. Ana mbuzi wachache tu waliosalia baada ya ukame ulioanza mwaka 2020, ambapo mvua zilikosa msimu baada ya msimu mpaka tukazoea kuona mizoga kando ya barabara. Maziwa huyachukua kwa mkopo kwa wafugaji wa upande wa Modika, huyauza, na jioni hulipa. Kazi ya kuyaleta mjini ni yangu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri huondoka na mitungi miwili ya lita 20, nikafuata njia ya mchanga katikati ya vichaka vya mathenge, nikayapokea maziwa na kurudi kabla ya kengele ya shule. Kwenda na kurudi ni kama saa mbili. Ukichukua bodaboda kila siku, faida yote inaishia kwenye petroli.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Black Mamba ya babu. Marehemu babu alikuwa mlinzi wa usiku, na alipotutoka aliacha vitu vitatu vya maana: msahafu wake, bakora yake na hiyo baiskeli. Sina haja ya kuieleza sana, kila mtu anaijua Mamba. Rangi nyeusi, magurudumu makubwa ya inchi 28, breki za vyuma virefu, keria inayobeba hata mbuzi mzima. Asili ya umbo lake ni zile Raleigh za Nottingham, Uingereza, kisha Wahindi na Wachina wakalichukua umbo hilo na kulitengeneza kwa mamilioni. Ya babu ilikuwa Hero, ya Ludhiana kule India, kampuni iliyoanza kuunda baiskeli mwaka 1956. Wengine hupenda Avon, nayo ni ya Ludhiana vilevile. Wengine Phoenix ya Shanghai. Fundi wetu huapa kwa Hero, na mwenzake aliye ng'ambo ya daraja la Tana, kule Madogo, huapa kwa Avon, na wakikutana wanagombana kama mashabiki wa Gor na AFC. Ukiwauliza tofauti iko wapi, kila mmoja ataigonga foki kwa spana na kukuambia, "Sikia chuma hicho." Mimi nasikia mlio mmoja tu.

Mimi, lakini, nilikuwa nimeichoka Mamba. Nisiseme uongo. Ilikuwa nzito, haikuwa na gia, na wenzangu walinicheka wakisema napeleka mzee hospitali. Tena katika ile barabara yenye mikunjo kama bati, mikono yangu ilitetemeka mpaka nikifika darasani kalamu hainishiki. Na palikuwa na kijana mmoja mtaani aliyekuwa na mauntenbaiki yenye foki ya shoki. Akipita kwenye mashimo, gurudumu lilipanda na kushuka lenyewe huku yeye ameketi ametulia kama gavana. Lo! Usiku nilikuwa naiota.

Niisifu kidogo hiyo shoki, maana si kitu cha kudharauliwa. Foki ya kawaida ni chuma kitupu, mirija miwili inayoshika gurudumu, na ncha zake zimepinda kidogo kwenda mbele. Foki ya shoki ina mabomba mawili ya juu yanayoingia ndani ya miguu miwili ya chini, na humo ndani mna springi au hewa iliyobanwa. Ukigonga jiwe, miguu inapanda, springi inajikunja. Mwalimu wa fizikia atatukumbusha Kanuni ya Hooke: kadiri unavyoibana ndivyo inavyotaka kurudi. Hapo ndipo penye ujanja. Springi peke yake itakurusha kama mtoto kwenye godoro. Ndiyo maana foki nzuri huwa na mafuta yanayopenya katika vitundu vyembamba, na mafuta hayo huizuia springi isirudi kwa pupa. Foki nyingi za bei rahisi hazina mafuta hayo, ni springi na grisi tu. Ukiitazama kwa nje huwezi kujua. Zote zinang'aa.

Aliyeipeleka shoki hii kwenye baiskeli ikavuma ni Mmarekani mmoja, Paul Turner, aliyekuwa na uzoefu wa pikipiki za mashindano. Kampuni yake ya RockShox ilianza kuuza foki mwaka 1989. Mwaka uliofuata, mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya baiskeli za milimani yalifanyika Durango, jimbo la Colorado, na waendeshaji waliokuwa na foki hizo wakatwaa ubingwa. Tangu siku hiyo kila kijana duniani akaitaka. Mimi nilichelewa miaka 34 tu.

Abti yangu, ndugu wa mama, anaishi Minneapolis kule Marekani, na ndiye aliyenitia wazimu zaidi. Alinitumia picha yuko juu ya mauntenbaiki. Januari 2024 akatuma pesa kidogo, akasema zinisaidie kununua baiskeli. Hazikutosha. Nikamwendea hooyo. Nikamweleza habari za gia 21, nikamweleza kwamba maziwa hayatatikisika yakawa siagi njiani, nikamwapia kwamba nitaenda safari mbili kwa siku badala ya moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Itabeba?" Nikasema itabeba. Akauza mbuzi wawili. Na Mamba ya babu nikaiuza mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa shilingi 4,500, kwa mzee mmoja anayeuza maji mtaani Bula Punda. Hooyo hakuwepo nilipoitoa uani, na nilichagua saa hiyo makusudi.

Jina la kampuni iliyotengeneza ile mauntenbaiki silitaji. Kwanza, kwenye fremu palikuwa na jina moja na kwenye foki jina jingine, kwa hiyo hata sijui nimlaumu nani.

Mwezi wa kwanza ulikuwa raha mustarehe. Nasema ukweli kwa sababu wako wanaosema shoki ni urembo tu. Si kweli. Ile barabara ya mabati niliipita kwa kasi ambayo Mamba isingeiweza, na darasani kalamu ilinishika vizuri. Fundi aliponiita nipite aikaze, nilimjibu kwamba ni mpya, haijafikia kuguswa. Alinitazama tu, akaendelea kuziba pancha. Pancha zilikuwa zilezile, kwa kuwa mwiba wa mathenge haujali kama una shoki ama huna.

Ukafika mwezi mtukufu wa Ramadhani, Machi mwaka huo. Wote tunajua jinsi maziwa ya ngamia yanavyotafutwa wakati wa futari. Hooyo alikopa zaidi, nami nikaenda safari mbili kama nilivyoapa. Hapo foki ikaanza kulia. Kwanza ilikuwa ki-ki-ki, kisha ikawa to! to! nikifunga breki. Bomba la kushoto lilikuwa na vumbi lililogandamana kama saruji. Nikaliosha kwa maji. Kisha, wasomaji wapendwa, msinicheke, nikalipaka mafuta ya kupikia. Kwa siku mbili ikanyamaza na nikajiona fundi. Siku ya tatu mchanga wote wa Modika ulikuwa umenata pale. Mchanga na mafuta vikichanganyika huwa msasa, na mimi nilikuwa nausugua msasa huo kwenye bomba kila nikipita kwenye shimo.

Tulisali Idi salama. Aprili mvua zikaanza. Asubuhi moja narudi na mitungi yote miwili imejaa, nyuma kuna kilo zaidi ya 40, mbele hakuna kitu. Nikapanda kijituta cha mchanga uliolowa. Kwa uzito wa nyuma gurudumu la mbele likanyanyuka kidogo, kama shibiri moja. Mamba ilikuwa ikifanya hivyo kila siku. Lakini safari hii gurudumu liliponyanyuka nilisikia kitu kikiteleza. Hamadi! Mguu wa chini ulichomoka kutoka kwenye bomba kama upanga unaotoka alani, gurudumu likalala upande, na mimi nikaja kutua kwa kidevu.

Baadaye Fundi alinionyesha. Miguu ile ya chini hushikiliwa na bolti moja ndogo kila upande, chini kabisa, mahali ambapo mtu haangalii. Ya kushoto ilikuwa imelegea ikapotea, sijui siku gani. Ya kulia ilikuwa imeliwa nusu. Kuikaza kungechukua dakika mbili, lau ningempitia siku ile aliponiita.

Damu sikuiona mwanzo. Nilichoona ni maziwa. Mtungi mmoja ulipasuka na mwingine kifuniko kiliruka, na mchanga wa kwetu mnaujua, haurudishi kitu. Nilijaribu kuyateka kwa viganja. Lita 40, karibu zote za mkopo. Nilitembea hadi mjini nikiisukuma baiskeli kwa gurudumu la nyuma kama mkokoteni, na hooyo aliponiona kidevu akapiga kelele, akanifunga kwa leso yake, akanipeleka nikashonwa nyuzi tano. Hakuuliza habari ya maziwa mpaka usiku. Na alipouliza hakuniuliza mimi, alijiuliza mwenyewe kwa sauti ya chini, "Sasa wale nitawaambia nini?" Afadhali angenichapa.

Fundi alisema labda tungepata vipuri Nairobi. Tukatuma pesa, duka likavipakia. Ndipo Mto Tana ukafurika na kuikata barabara ya kuja Garissa upande wa Madogo. Mnakumbuka siku zile za mwisho wa Aprili na Mei 2024, magari yamepangana, watu wanavuka kwa mashua, na wengine walizama, Mungu awarehemu. Nani atakumbuka sili ya baiskeli wakati kama huo? Shule nazo ziliahirishwa kufunguliwa mpaka tarehe 13 Mei. Wenzangu walisikitika. Mimi nilishukuru, kwani karo haikuwepo. Hata zilipofunguliwa, wiki mbili za mwanzo sikuonekana, na sasa mnajua kwa nini.

Siku moja abti akapiga simu kutoka Minneapolis nikiwa kibandani kwa Fundi. Alikuwa na haya, kana kwamba ni yeye aliyeniangusha. Nikaweka spika.

"Fundi," akasema, "hiyo ilikuwa foki ya bei rahisi. Nikija nitamletea kijana RockShox ya kweli, au Fox. Hizo haziharibiki."

"Mheshimiwa wa Amerika, ahsante," akasema Fundi. "Nayo inataka nini?"

"Haitaki kitu. Unaifungua tu unabadilisha mafuta."

"Kila lini?"

Abti akasita. Nilisikia anatafuta kwenye tarakilishi. "RockShox wanasema miguu ya chini ifunguliwe kila masaa hamsini."

"Hamsini ya kusimama ama ya kutembea?"

"Ya kuendesha."

Fundi akanitazama, akahesabu kwa vidole vyenye grisi. "Huyu anaendesha masaa mawili kila siku. Basi ni kila siku ishirini na tano. Na hiyo ni kule kwenu kwenye barafu, hapa kuna vumbi."

"Basi Fox," akasema abti. "Fox ni masaa mia na ishirini na tano, ama mara moja kwa mwaka."

"Hapo umenisaidia. Miezi miwili. Na mafuta yake ni haya ya gari?"

"La, ni maalum. Na sili zake ni zake peke yake."

"Na miguu ikipasuka naweza kuchomelea?"

Abti akacheka. Miguu ya foki hizo nzuri imetengenezwa kwa magnesiamu ili iwe myepesi. Fundi huchomelea chuma kwa jirani wake wa jua kali kwa shilingi mia. Magnesiamu hata hajawahi kuiona.

Foki ya namna hiyo kule Marekani yaweza kupita dola 500, na kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi elfu sitini. Hooyo aliposikia akauliza ni mbuzi wangapi. Hakuna aliyemjibu.

Nikiuguza kidevu nilikuwa na wakati mwingi, nikaenda kusoma habari za kampuni hizi. Wako Waitaliano wa Marzocchi, walioanza mwaka 1949, ambao foki zao za Bomber za mwishoni mwa miaka ya 1990 bado husifiwa kwa uvumilivu kwa sababu zilijazwa mafuta tele ndani. Hata hao upande wao wa baiskeli ulinunuliwa na Fox mwaka 2015. Lakini habari iliyonikalisha chini ni nyingine. RockShox ilinunuliwa mwaka 2002 na kampuni ya SRAM ya Chicago. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM ni F. K. Day. Mwaka 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, yeye na mkewe Leah Missbach Day walianzisha shirika la World Bicycle Relief, na shirika hilo likaunda baiskeli kwa ajili ya watu wa vijijini Afrika, ikiitwa Buffalo. Iko hata hapa Kenya. Keria yake imeundwa kubeba kilo 100. Sasa fikirini: mtu ambaye kampuni yake ina foki ya shoki mashuhuri kuliko zote duniani, alipotaka kumtengenezea mwanafunzi na mkulima wa kwetu baiskeli, aliweka foki gani? Chuma kitupu! Kama ya babu.

Nilimsomea Fundi. Hakushangaa. Alisema Mamba nayo ina shoki, ila wajanja wameiweka mahali pake, akanionyesha zile springi mbili nene chini ya kiti. Kisha akaongeza tairi kubwa, na ile ncha ya foki iliyopinda ambayo husepetuka kidogo ukigonga jiwe. Naona hapo alitia chumvi. Nimeiendesha Mamba miaka minne na kidevu changu cha zamani ni shahidi kwamba haisepetuki kwa wingi. Ila inafika.

Tulidhani tutachukua foki ya Mamba tuiweke kwenye mauntenbaiki, mambo kwisha. Haikuingia. Gurudumu la mauntenbaiki ni inchi 26, shingo ya foki ni nene zaidi, na vikombe vya gololi havilingani. Ilibidi tungoje mpaka barabara ikafunguka, Fundi akapata kwenye mtumba foki ya chuma iliyotoka katika mauntenbaiki ya zamani, ya siku ambazo shoki hazijaenea. Ni fupi kuliko ile ya shoki, kwa hiyo baiskeli sasa imeinama mbele kama fahali anayetaka kupiga, na usukani ni mwepesi mno. Mdogo wangu anaipenda. Anakwenda nayo shule. Mizigo hatuithubutishi tena.

Mimi nilikwenda Bula Punda. Yule mzee wa maji alikuwa bombani, Mamba ya babu imebeba mitungi mitano. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamwonyesha kidevu. Nikaona kwamba foki yake nayo ilikuwa na mshono wa kuchomelea, mbichi, juu kidogo ya ekseli.

"Ilivunjika?" nikauliza.

"Ilipata ufa mwezi uliopita. Niliipeleka asubuhi, mchana nikauza maji."

Nikamwomba aniuzie. Akasema elfu tisa. Nikanyamaza. Aliona machozi, nadhani, ama aliona tu kwamba nimesimama sana, maana aliniita mjukuu wangu na kunipa sharti. Yeye haanzi kazi mpaka saa moja na nusu asubuhi. Kabla ya hapo baiskeli imelala bure. Niichukue alfajiri, niirudishe saa moja na nusu kamili, tairi zikiwa na upepo, na kila Ijumaa nimpelekee nusu lita ya maziwa.

Deni la zile lita 40 hooyo alilimaliza mwezi wa Agosti. Mimi nimeweka shilingi 3,200 kwa Fundi katika kopo la solushoni. Mamba mpaka sasa ni ya mzee wa maji. Kwa hiyo mkiniona napita mbio saa moja na robo karibu na soko la mifugo, jasho linanitoka, mitungi imekwisha kushushwa, msinisimamishe kuniuliza habari za kidevu. Nimechelewa.